Barua Niliyomwandikia Mtu wa Boila

Nilipowaacha, Mpole alikuwa ameikunja barua yake mara nne, ameitia mfuko wa shati, na kunishukuru kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, nirudie kidogo. Mimi ni karani. Miaka kumi na mmoja nilikaa ofisi ya ajira ya kiwanda cha viatu, kazi yangu kufungua barua za waomba kazi na kuamua ipi imfikie bosi, ipi iende kapuni. Kiwanda kikafungwa, nami nikaenda kapuni. Nikaomba kona katika duka la daftari na kalamu la mama mmoja mjane, nikaweka kompyuta na printa, nikabandika karatasi ukutani: BARUA ZA KAZI ZINAANDIKWA HAPA.

Watu wakaniita Karani. Wengi walipata kazi kwa barua zangu. Mimi niliandika arobaini na tatu za kwangu mwenyewe, sikujibiwa hata moja.

Na Mpole? Alikuwa mfagiaji. Miaka sita alifagia majivu na kupiga deki kwenye chumba cha boila, ile mashine ya kuchemsha maji yawe mvuke. Akataka kazi ya kuiendesha boila yenyewe. Nikamwandikia hivi: "Nimehudumu katika chumba cha boila kwa muda wa miaka sita."

Hakuna neno la uongo hapo. Hata moja. Hicho ndicho nilichokuwa najivunia, na ndicho ninachokiungama leo.

Basi, sikilizeni yaliyofuata.

Mpole aliajiriwa. Alikuja kuniaga, sikumuuliza hata ni kiwanda gani, nikasahau habari zake. Watu walikuwa wanapanga foleni mezani kwangu, na kila mmoja na barua yake. Mlinzi humwandikii mengi: bosi wa walinzi anataka kujua kama unakaa karibu na kama usingizi unakushinda, basi. Dereva ataje magari aliyoendesha na miaka aliyokaa bila ajali, kisha anyamaze. Mpishi nilimkataza kabisa kusema anapenda kupika. "Nani asiyependa? Sema umepikia watu wangapi kwa mkupuo, na chakula kilitoka saa ngapi." Barua ya mhasibu niliisoma mara tano, maana koma moja ikikaa vibaya, mhasibu amekwisha.

Asubuhi moja mdogo wangu wa kike akaja, akavuta kiti. Ndiye kitinda mimba wetu. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyempeleka shule kwa mkono.

"Kaka, niandikie na mimi."

"Kazi gani?"

"Kile kiwanda cha dobi kinachofua nguo za hospitali. Wanataka watu wa kufua na kupiga pasi."

Vidole vyangu vikaanza vyenyewe. "'Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii na...'"

"Acha bwana! Hayo umemwandikia kila mtu. Nakusikia kila siku nikikuletea chai."

"Sasa wewe unajua nini ambacho wengine hawakijui?"

Akafikiri. "Shuka yenye damu huiweki kwenye maji ya moto. Ukiiweka, damu inaiva, haitoki tena. Inataka maji baridi kwanza, na chumvi. Na shuka ya mgonjwa huikung'uti. Unaikunja kwa ndani, uchafu usiruke ukamwingia mwenzako puani."

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mama. Miezi minane aliyolala kitandani, nani alikuwa anafua? Wewe?"

Niliandika alivyosema, sentensi sita, nikaweka tarehe. Ndiyo barua bora kuliko zote zilizopita kwenye mashine yangu, na wala sikuitunga mimi.

Siku ya tano akaitwa kazini.

Wiki ya pili tulikuwa kwa mama. Mdogo wangu amejaa maneno, anasimulia mashine zilivyo kubwa, mvuke unavyopita kwenye mabomba, pasi zinavyokunja shuka zenyewe.

"Sisi wa pasi tumepakana na chumba cha boila, ukuta mmoja tu. Lakini fundi wake mtu mzuri jamani! Kila asubuhi ananiuliza hali ya mama. Anaitwa Mpole, na jina linamfaa."

Kikombe kilinitoka mkononi.

"We vipi?" mama akauliza.

"Kimeteleza."

Kesho yake saa nne nilikuwa getini kwenye kile kiwanda. Mpole alitoka mapumziko, ovaroli mpya, kopo la maji mkononi. Aliponiona uso wote ukacheka.

"Karani! Umekuja kuniona ndugu yako?"

Nikamvuta pembeni. "Niambie kweli. Ile mashine unaiweza?"

Akapunguza sauti. "Najifunza. Yule mzee niliyempokea kazi alikaa nami siku mbili kabla ya kuondoka. Geji ya presha naisoma. Kuna vali moja tu ya usalama, ya kutoa mvuke presha ikizidi, inayonitatiza. Inakwama. Yule mzee alikuwa anaigonga na spana, nami naigonga."

"Unaigonga?"

"Inaachia. Saa nyingine."

"Mpole, acha hii kazi."

Kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Niache? Nina watoto wanne, Karani. Ilipoandikwa ile barua ulisema mimi ni mtu wa miaka sita. Leo mimi si mtu tena?"

"Dada yangu yuko nyuma ya ukuta ule."

"Najua. Ndiyo maana naigonga kila saa."

Akarudi ndani. Nami nikapiga moyo konde, nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: huyu mtu ni mfagiaji, barua nimeandika mimi, mtoeni pale kabla hajaua watu.

Meneja alikuwa mtu mnene mchangamfu, meza yake imefunikwa na makaratasi. Nilipomtajia mdogo wangu, akasimama kunipa mkono.

"Wewe ndiye kaka yake? Ile barua ya damu na maji baridi nilimsomea mke wangu nyumbani! Nani aliiandika?"

"Alisema mwenyewe, mimi nikapiga chapa. Mzee, nimekuja kusema jambo..."

"Na kusoma barua unajua pia? Kuchambua?"

"Nilifanya miaka kumi na mmoja, kiwanda cha viatu."

Akafungua droo. Ilijaa barua mpaka zikawa zinadondoka. "Karani wangu ameacha kazi mwezi uliopita. Nimezama humu. Wewe Jumatatu njoo uanze. Barua ya maombi utaandika baadaye, ya kuweka kwenye faili tu."

Arobaini na tatu nilizotuma. Na huyu ananipa kazi ambayo sikuiomba.

"Sasa, ulikuwa unataka kusema jambo gani?"

Nikaitazama ile droo.

"Nilikuja kushukuru tu, mzee. Kwa ajili ya dada yangu."

Ndivyo nilivyoingia na ukweli nikatoka na kazi. Njiani nilijiambia nikishakuwa ndani nitamsaidia Mpole kimyakimya, nitatafuta fundi wa kumfundisha. Nilijiambia mengi.

Jumatatu nikaanza. Ofisi yangu ilikuwa chumba kidogo mbele ya chumba cha meneja: kabati la chuma, meza, muhuri wa tarehe, dirisha linalotazama uani. Mdogo wangu alipita dirishani na toroli la shuka, akanipungia mkono, akajifanya ananipigia saluti. Nilicheka. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, sakafu iliruka.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona kioo cha dirisha kinaingia ndani. Halafu ndipo sauti ikaja, halafu filimbi ya mvuke isiyokoma, na chini yake watu wanapiga kelele.

Nilikimbia. Uani hapakuonekana kitu, kulikuwa na wingu jeupe linatoka pale palipokuwa na ukuta. Meneja alinidaka shati.

"Usiingie! Utaungua!"

"Dada yangu yumo!"

"Nimesema usiingie!"

Walimtoa mdogo wangu kabla ya Mpole. Alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, ameinyoosha mikono mbele kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Mvuke ulipokuja aliweka mikono usoni. Uso ulinusurika. Mikono sitaieleza.

"Kaka," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "usiniguse."

Mpole walimtoa amefunikwa shuka. Shuka ya hospitali, iliyofuliwa, yenye mikunjo ya pasi.

Ijumaa asubuhi meneja akaniita, akafunga mlango. Uchangamfu wote ulikuwa umemwisha.

"Toa faili la yule mtu wa boila."

Nilijua lilipo. Tangu Jumatatu nilikuwa nimelikwepa kama moto. Akalifungua, akatoa barua yangu, akaisoma kwa sauti: "'Nimehudumu katika chumba cha boila kwa muda wa miaka sita.' Umeona? Nimepiga simu jana kule alikotoka. Alikuwa anafagia! Mwongo mkubwa."

Nilitaka kumwambia hakuna uongo pale. Kwamba mwandishi wa sentensi ile alikuwa makini sana. Aibu ya ajabu hiyo, kutaka kutetea sarufi ya barua na mwenye barua bado hajazikwa.

"Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumatatu," meneja akaendelea. "Andaa maelezo ya dada yako, yawe mafupi. Vali ilikuwa nzima, mashine ilikuwa nzima, huyu mtu alituingia kwa udanganyifu na hakujua kazi. Dada yako aweke dole gumba. Mwambie kazi yake ipo akipona. Na yako ipo."

"Na mke wa marehemu?"

"Aliyeingia kwa udanganyifu hana mafao. Sheria si yangu."

"Lakini vali..."

"Vali ilikuwa nzima, Karani."

Nikarudi mezani kwangu. Niliandika. Mtasema ningekataa, na mimi nasema hivyo kila siku. Niliandika aya tatu, kwa lugha ya mwanamke wa chumba cha pasi, maneno ya kawaida, bila chumvi, kama nilivyofundisha watu miaka yote ile. Mtu yeyote angeisoma angeamini. Ilikuwa barua nzuri.

Mchana nikaenda hospitali.

Kwenye korido, nje ya wodi, mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko niliona ovaroli. Nilitaka kupita.

"Samahani baba. Wewe si Karani wa pale dukani?"

Nikasimama.

"Mume wangu alinionyesha wewe siku moja, tukipita. Mimi ndiye mkewe." Akajaribu kusimama, nikamwambia akae. "Nimekuja kumwangalia yule dada aliyeungua. Naogopa kuingia. Sijui nitamwambia nini."

"Pole sana, mama."

"Alikuwa anakuombea dua wewe. Kila tukikaa kula. Watoto wakauliza huyu Karani ni babu yetu?" Akanitazama. "Hivi ni kweli wanavyosema, kwamba alikuwa hajui kazi?"

"Tutaongea, mama," nikasema. "Ngoja nimwone mgonjwa."

Nikamwacha pale.

Mdogo wangu alikuwa ameegemezwa mito miwili, macho kwenye dari. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, mikubwa, mizito.

"Mama anajua?" akauliza.

"Nimemwambia umeungua kidogo."

"Wewe na maneno yako." Akageuza kichwa. "Umebeba nini?"

"Maelezo. Ya mkaguzi. Meneja ameomba uweke dole gumba tu, yaishe."

Akainyanyua ile mikono miwili kutoka kwenye shuka.

"Dole gumba lipi, kaka?"

Nilikuwa nimeandika aya tatu, nikasahihisha, nikachapa, nikapiga muhuri wa tarehe. Hilo halikunijia hata mara moja.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Rudia pale pa vali."

"'Vali ya usalama ilikuwa nzima, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu...'"

"Mara tatu," akanikata. "Alilalamika mara tatu. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, nasikia kila kitu. Mara ya kwanza meneja alikuja chumba cha boila, akacheka, akamwambia mashine ina tabia zake kama mke. Mara ya pili akamwambia asubiri. Mara ya tatu sikuisikia, Mpole alinisimulia mwenyewe. Jumatano hii, ofisini. Akaambiwa kama kazi haitaki, wanaoitaka wamejaa kwenye droo."

Akanitazama usoni.

"Alisema na wewe ulikuwepo."

Ndiyo. Nilikuwepo. Pale juu niliposema Jumatano ikapita, niliruka. Nimekuwa nikiandika hadithi hii wiki hizi zote nikijiapiza nitasema yote, na hilo bado nililiruka. Mpole aliingia ofisini kwangu amevua kofia, mlango wa meneja uko wazi. Akasema vali haiachii tena hata akiigonga. Meneja akamjibu hilo la droo, akanyoosha kidole kwenye droo za kabati langu. Mpole akanigeukia. Alingoja niseme neno moja tu. Nilikuwa nimeshika barua ya mtu fulani, nikaendelea kuisoma.

"Nilikuwepo," nikamwambia mdogo wangu.

"Na ile barua yake uliandika wewe."

"Nani amekwambia?"

"Mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza tu. Alikuwa anajivunia, kaka! Ananiambia kaka yako ameniokoa, mimi nilikuwa mfagiaji. Nami nikanyamaza. Kwa sababu ni wewe. Nikaenda nikaendelea kupiga pasi nyuma ya ukuta ule." Machozi yalianza kumshuka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nikataka kumfuta, akakwepesha uso. "Kwa hiyo usidhani nakuhukumu. Tulinyamaza wote. Mke wake, nesi anasema amekaa nje ya mlango, hakunyamazia lolote, na kwa karatasi hii ndiye atakayeambiwa hana haki."

"Wakijua niliandika mimi, nitafungwa."

"Labda."

"Na mama atabaki na nani?"

"Umeniuliza mimi? Mimi hata kijiko siwezi kushika."

Korido ilikuwa na vishindo vya viatu. Mdogo wangu akavuta pumzi.

"Geuza hiyo karatasi. Nyuma ni nyeupe. Andika nitakavyosema, neno kwa neno, usirembeshe."

Nikaigeuza. Nikatoa kalamu. Nikaiweka karatasi juu ya goti.

"Andika: 'Mimi ni mdogo wa mtu aliyeandika barua ya fundi wa boila. Kaka yangu alijua kwamba hajui kazi. Meneja alijua kwamba vali ni mbovu. Mimi nilijua yote mawili.'"

Kalamu ilisimama kwenye neno la pili.

"Mbona huandiki?"

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Mkaguzi hakuingoja Jumatatu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mkoba kwapani. Nyuma yake meneja, na nyuma ya meneja, amejibana ukutani na mfuko wake wa plastiki, mke wa Mpole.

"Pole, binti," mkaguzi akamwambia mdogo wangu. "Sitakuchosha. Nimeambiwa maelezo yako yameshaandikwa."

"Yameshaandikwa," meneja akadakia, na akanigeukia mimi kwa tabasamu lile la siku ya kwanza. "Karani, mpe."

Karatasi ilikuwa moja. Upande mmoja aya tatu safi, zimepigwa chapa, zina muhuri. Upande wa pili maneno mawili kwa mkono wangu: Mimi ni.

Mkaguzi akanyoosha mkono.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi, si karatasi. Nikasimama, nyuma ya karatasi ikiuelekea mlango, na kabla sijafungua mdomo nikasikia mke wa Mpole anauliza kwa sauti ndogo, kutoka kule mlangoni:

"Karani, nyuma hapo umeandika nini?"